Usiitupe TV ya chogo: kagua waya wa antena kwanza

Swali: "Nina hoteli ndogo hapa Busia, upande wa Uganda, karibu na stendi. TV yangu ni ile ya chogo, aliniachia marehemu mume wangu. Fundi mmoja aliniambia haifai tena kwa sababu dunia imeingia dijitali, ninunue flati. Hela hiyo sina, nikanunua king'amuzi cha mtumba. Kinashika, lakini picha inagandaganda, na mvua ikinyesha sioni kitu kabisa. Wateja wanalalamika kwamba enzi za chenga mpira tuliuona, hata kama ni kwa shida. Sasa mwanangu anasema hata redio zitazimwa. Naomba unieleze: hii TV niitupe? Mvua inanisumbuaje? Na hiyo dijitali ilikuja kutusaidia nini sisi?"

Jibu:

Mama, TV usiitupe. Na huyo kijana mwambie redio yako ya FM haijaguswa na hili zoezi la TV. Nimeyatanguliza hayo mawili ili mengine uyasome ukiwa umetulia.

Sasa nianze na mvua, kwa sababu katika barua yako yote hilo ndilo neno linalonionyesha ugonjwa uko wapi. Nachukulia kwamba king'amuzi chako kinatumia antena ya juu ya bati, si dishi. Mawimbi yanayofika kwenye antena hiyo ni ya UHF, kundi la masafa ambalo TV za dijitali zinatumia, na urefu wa wimbi moja ni kama nusu mita. Wimbi la nusu mita halijali tone la mvua, linapita tu. Wenye haki ya kulalamikia mvua ni watu wa dishi, maana mawimbi ya setilaiti ni mafupi sana, sentimita mbili na nusu hivi, na mvua kubwa huyanyonya njiani. Kwa hiyo antena ya kawaida ikikata kila mvua inaponyesha, mimi sitazami mawingu. Natafuta mahali maji yalipoingilia.

Mahali penyewe ni pawili, mara nyingi. Pa kwanza ni nyuma ya antena, kwenye kile kikasha kidogo ambamo waya umefungwa. Kifuniko chake huwa cha plastiki, jua hukipasua baada ya miaka michache, na mvua ikaanza kuingia. Pa pili ni pale waya ulipoungwa kwa kusokotwa na kuzungushiwa selotepu. Mpe fundi kisu, mbele yako, akate sentimita tano za mwisho wa waya upande wa antena na kuchuna ganda. Ndani utaona uzi mmoja wa shaba katikati, plastiki nyeupe imeuzunguka, halafu wavu wa nyuzi nyembamba kama wa chujio la chai. Waya mzima unang'aa, shaba yake ni nyekundu. Wako nadhani utaukuta shaba imekuwa kijani au nyeusi, na ule wavu ukiusugua kwa kidole unatoka unga. Maji yakishaingia humo hayabaki juu. Yanashuka taratibu ndani ya wavu, kama mafuta yanavyopanda kwenye utambi, na mita kadhaa za waya zinakuwa zimekufa ingawa ganda la nje ni zima. Waya wa namna hiyo haurekebishiki. Nunua mwingine, ule mnene wa antena ulioandikwa omu 75, urefu wa kukutosha tu bila kiungo katikati. Usinunue mrefu kupita haja, kwa sababu hata waya mzuri, kila mita 20 hivi, hula karibu nusu ya nguvu ya mawimbi. Kabla haujaingia ndani ya nyumba, uache uning'inie kidogo chini ya tundu kisha upande tena, ili maji ya mvua yadondokee pale chini badala ya kuufuata hadi kwenye king'amuzi.

Kuna jambo moja dogo la kuongeza. Kama mbele ya antena yako pana mwembe mkubwa, majani mabichi yaliyolowa hupunguza UHF kiasi. Mti peke yake haukuzimii TV, lakini ukijumlishwa na waya uliooza, unamalizia kazi.

Utaniuliza: mbona zamani waya ulikuwa huohuo mbovu na mpira tuliuona? Hapo wateja wako wana hoja, wala hawaoti. Analojia, ule mfumo wa zamani wa chenga, ilikuwa kama mtu anayekuita kutoka ng'ambo ya mto. Upepo ukivuma unasikia nusu, nyingine unakisia, ila unajua ni wewe unayeitwa. Mawimbi yakipungua, chenga zinaongezeka. Yakipungua zaidi, rangi inapotea, kisha sauti inaanza kukwaruza. Jicho la binadamu ni hodari wa kujazia palipokosekana, na mpira ukaonekana katikati ya chenga.

Dijitali haipeleki picha. Inapeleka hesabu ya picha, namba tupu, na pamoja nazo namba za ziada za kusahihishia makosa. Fikiria daftari lako la mkopo. Umeandika chai 1,000, chapati 1,000, maharage 2,000, jumla 4,000. Mchuzi ukimwagikia mstari wa maharage usisomeke, hupotezi kitu: unatoa kwenye jumla na unajua ni 2,000. Ndivyo king'amuzi kinavyofanya, mara nyingi sana kila sekunde, na kwa hiyo picha inakuwa safi kabisa hata kama njiani namba kadhaa zimeharibika. Lakini mchuzi ukifuta mistari miwili, jumla peke yake haikwambii chai ilikuwa ngapi na maharage ngapi. King'amuzi nacho kinafika hapohapo. Kwanza vinatokea vipande vya mraba, picha inaganda mdomo wa mtangazaji ukiwa wazi, kisha skrini inakuwa nyeusi na maandishi kwamba hakuna mawimbi. Hakuna chenga za kukuonya mapema. Kutoka picha safi hadi giza ni hatua moja fupi.

Wewe Mama, TV yako inaishi ukingoni mwa hatua hiyo. Waya ukiwa mkavu mawimbi yanapita kwa shida, na ndiyo maana picha inagandaganda hata siku ya jua. Waya ukilowa picha inaanguka gizani. Fundi aliyekuambia ununue flati angekupeleka kwenye giza lilelile, ila kwenye kioo kipana na cha bei kubwa. Hili linaniuma kwa sababu nimelishuhudia. Pale Walukuba, Jinja, mzee mmoja mstaafu wa reli alitumia kiinua mgongo chake kununua TV mpya baada ya duka moja kumwambia ya zamani "imefungiwa na serikali". Akaipeleka nyumbani, akachomeka, ikaganda vilevile. Nilipopanda juu ya bati lake nilikuta kichwa cha waya kimeshikiliwa na kutu. Gharama ya kukitengeneza haikufika hata bei ya kilo mbili za sukari.

Sasa hiyo TV yenyewe. Iangalie nyuma au ubavuni: ina matundu ya mviringo, manjano, nyeupe na pengine nyekundu? Kama yapo, tatizo limekwisha. Chukua waya wa rangi hizohizo kutoka kwenye king'amuzi, chomeka manjano kwa manjano na nyeupe kwa nyeupe, kisha kwenye rimoti ya TV bonyeza AV. Picha ikitoka bila rangi au ikipanda na kushuka, ingia kwenye mipangilio ya king'amuzi uchague PAL, mfumo wa rangi wa TV za huku. Watu wakionekana wembamba na warefu, hapohapo badilisha umbo la picha kuwa 4:3.

Kama haina matundu hayo, ina tundu la antena peke yake, kaa macho. Ving'amuzi vingi vina tundu la pili la antena lililoandikwa RF OUT, na watu huunga hapo hadi kwenye TV wakingoja picha. Haiji. Tundu hilo kwenye ving'amuzi vingi linapitisha tu mawimbi ya antena kama yalivyoingia, na TV ya chogo haiwezi kuyasoma. Unahitaji kifaa cha kugeuza picha ya AV iwe chaneli ya kizamani. Mafundi wanaviuza, lakini kabla hujanunua, ulizia kama kuna mtu ana deki ya kanda imelala stoo. Deki ile ina kigeuzi hicho tumboni mwake. Unachomeka king'amuzi kwenye AV ya deki, kutoka kwenye deki unapeleka waya wa antena kwenye TV, halafu unaitafuta chaneli yake kwenye TV, mara nyingi jirani na namba 36. Kanda yenyewe inaweza kuwa imekufa zamani, haidhuru.

Onyo moja, na hili ni la dhati: wewe wala kijana wako msifungue mgongo wa TV ya chogo, hata kama imechomolewa kwenye umeme. Ndani yake hubaki umeme mkali wa kuua. Hiyo ni kazi ya fundi aliyefundishwa.

King'amuzi cha mtumba nacho nikiseme. Kigeuze usome kibandiko chake chini. Unataka kuona maandishi DVB-T2. Kikiwa DVB-T peke yake, hicho ni cha kizazi cha kwanza na hakisomi matangazo ya sasa. Kikiwa DVB-S au S2, hicho ni cha dishi. Chako kinashika kwa hiyo bila shaka ni T2, lakini wasomaji wengine wajue kabla ya kutoa pesa sokoni. Ukifika hapo uliza jambo la pili: ni cha bure au cha kulipia? Cha kulipia kimefungwa kwa kampuni yake, na kikitoka upande wa Kenya usitegemee kitafunguka huku. Cha bure hakina mwenyewe. Kinashika chochote kisichofungwa kwa funguo kinachofika kwenye antena, na wewe uliyekaa mpakani una bahati hapo, maana Uganda na Kenya zote zinatumia T2. Ukielekeza antena vizuri unaweza kuzipata za pande mbili.

Kuelekeza kwenyewe kumebadilika, na hapa ndipo mafundi wengi wa zamani wanapokosea. Enzi zile mmoja yuko juu ya bati anazungusha mti, mwingine yuko ndani anapiga kelele "Hapo hapo! Rudisha kidogo!" na picha inabadilika papo kwa papo. King'amuzi kinachelewa. Ukizungusha antena, kinahitaji sekunde kadhaa kukusanya namba zake ndipo kionyeshe kitu, na wa ndani anapoita "hapo", wa juu ameshapita. Zungusha kidogo sana, upana wa vidole viwili, kisha subiri ukihesabu hadi tano. Na msitazame picha. Fungueni ukurasa wa kutafuta chaneli kwenye king'amuzi, mtaona mistari miwili, mmoja wa nguvu na mwingine wa ubora. Watu wanashangilia ule wa nguvu. Mimi nakuomba uangalie wa ubora, kwa sababu nguvu inahesabu hata makelele, na ubora unahesabu namba zilizofika salama.

Antena yenyewe ipime kwa rula. Vile vijiti vifupi vya sentimita 20 hadi 30 ni vya UHF, ndivyo unavyovitaka. Kama yako ina mikono mirefu ya karibu mita moja na zaidi, ni ile ya VHF, masafa ya chini ya siku za UTV, televisheni ya taifa ya zamani, nayo haikufai kwa kazi hii. Halafu tazama antena za majirani wanaoona vizuri: zinaelekea wapi, na vijiti vyake vimelala au vimesimama? Iga. Vijiti vikisimama wakati mnara unatuma vya kulala, unapoteza sehemu kubwa ya mawimbi bure.

Na busta, kile kifaa cha kukuza mawimbi? Ukikaa mbali na mnara, inasaidia, mradi ifungwe juu karibu na antena, kabla waya haujala mawimbi. Ila stendi ya Busia ni mji, na minara ya simu haiko mbali. Busta haichagui, inakuza na simu pia, na ikizidiwa inavuruga kila kitu. Kama unayo, ijaribu ikiwa imetolewa kabisa. Nimeona TV zikipona kwa kuondoa busta kuliko kwa kuiweka.

Hilo la simu linanifikisha kwenye swali lako la mwisho. Mwaka 2006 mataifa ya Ulaya, Afrika na sehemu za Asia yalikutana Geneva chini ya ITU, shirika la mawasiliano la Umoja wa Mataifa, yakakubaliana kwamba TV zihamie dijitali na kwamba tarehe 17 Juni 2015 ndiyo mwisho wa analojia kulindwa. Neno ni kulindwa. Baada ya siku hiyo, mnara wa jirani ukiingilia analojia yako, huna pa kushtaki. Kwa nchi iliyopakana na watu watano kama Uganda, hilo halikuwa jambo la kupuuza. Tanzania walitangulia, wakazima Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012. Kwetu UCC, tume ya mawasiliano ya Uganda, ilianza na Kampala na maeneo yanayoizunguka katikati ya Juni 2015, na kazi ya kurusha mawimbi ya stesheni zote ikakabidhiwa Signet, kampuni iliyo chini ya UBC, shirika la utangazaji la taifa. Zamani kila stesheni ilikuwa na mtambo wake na masafa yake. Siku hizi zinapanda basi moja.

Basi hilo ndilo faida yenyewe. Chaneli moja ya analojia ilichukua megahezi (kipimo cha masafa) 7 au 8 za hewa kubeba stesheni moja tu. Kwenye upana uleule wa megahezi 8, T2 inabeba stesheni 15 na zaidi za picha ya kawaida. Siri yake kubwa ni kwamba hairudii kutuma kisichobadilika: mtangazaji akiwa ameketi mbele ya pazia, pazia halitumwi upya kila mara, inatumwa midomo na mikono inayosogea. Ndiyo maana mpira huganda upesi kuliko taarifa ya habari, kwa sababu uwanja mzima unatembea. Hewa iliyobaki, kuanzia megahezi 790 hadi 862 na baadaye kuanzia 694, ITU ikaitengea simu, na huko ndiko intaneti ya 4G inakopata masafa ya kufika mbali.

Kwa hiyo nchi ilipata, kampuni za simu zilipata, na stesheni ndogo zilipata mlango ambao kabla hazikuwa nao. Wewe mwenye hoteli ulipata chaneli nyingi na bili ya king'amuzi. Sitakudanganya kwamba mzigo uligawanywa sawa. Mtazamaji ndiye aliyenunua kifaa, na hakuna aliyepita nyumba kwa nyumba kumweleza kwamba waya wake wa miaka 15 hautamudu. Naamini maelezo hayo yalipaswa kutolewa kwa nguvu zilezile zilizotumika kutangaza tarehe ya kuzima. Hata hivyo usikubali mtu akuhamishie kwenye simu kwa kuwa eti ndiyo dijitali ya kweli. Mpira mmoja kwa simu unaweza kumaliza bando la GB moja na zaidi, na wateja wako ishirini hawatoshi mbele ya kioo cha simu. Mawimbi ya mnara ni yaleyale, atazame mmoja au watazame milioni, na huyalipii bando.

Redio nimeiacha mwisho kwa sababu haina matata. Makubaliano ya Geneva ya 2006 yalihusu megahezi 174 hadi 230 na 470 hadi 862. FM yako iko kati ya 87.5 na 108, iko nje kabisa, ina makubaliano yake ya tangu 1984. Kijana huenda alisikia habari za Norway, waliozima FM ya stesheni zao za kitaifa mwaka 2017 na kuhamia redio ya dijitali. Huko walinunua redio mpya nchi nzima. Hapa, FM za watu binafsi zilianza mwishoni mwa 1993 na sasa kila mji una zake, zinasikika kwa redio ya betri mbili shambani na kwa simu ya kitufe, mradi uchomeke waya wa masikioni maana huo ndio antena yake. Na kama umewahi kusikia redio ya jirani inapiga kelele za goli wakati kwenye TV yako mchezaji bado anakimbia na mpira, si kwamba TV yako ni mbovu. Kubana picha na kuikunjua kunachukua sekunde kadhaa, FM haina foleni hiyo.

Badilisha waya kwanza, Mama, kabla hujagusa kitu kingine chochote. Kisha siku ya jua uandike namba ya ubora unayoiona kwenye king'amuzi, na siku ya mvua uiandike tena. Zikiwa karibu sawa, umepona. Zikitofautiana sana, niandikie namba zote mbili na uniambie mwembe uko upande gani.